Habari za Sabuni Tangu Zamani Hata Leo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, napenda kuwaeleza wasomaji wa kijitabu hiki cha ukumbusho habari za kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu hukishika kila siku wala hakitii maanani. Kitu hicho ni sabuni.

Wenzangu katika kurasa nyingine wameandika juu ya misikiti yetu, madrasa zetu, na wazee walioijenga jumuiya hii kwa jasho lao. Huenda mtu akauliza: Sabuni nayo ina tarehe gani hata iwekwe pamoja na mambo makubwa kama hayo? Jawabu langu ni kwamba dini yetu imeufunga usafi pamoja na imani, na chombo cha usafi hakiwezi kuwa jambo dogo. Tena sabuni ngumu tuijuayo, na hasa ile yenye manukato, ililelewa na kukuzwa katika nchi za Kiislamu kabla haijawa bidhaa ya viwanda vya Ulaya. Leo watoto wetu hudhani kuwa ni kitu kilichobuniwa na Wazungu na kuletwa kwetu ndani ya karatasi ya rangi. Dhana hiyo si kweli, nayo ina hasara, kwani mtu asiyejua kuwa elimu fulani ilikuwa mali ya wazee wake hathubutu kuirudia.

KABLA YA SABUNI

Watu wa kale walijua kuoga na kufua kabla ya kuijua sabuni. Wengine walitumia udongo, wengine majivu, na wengine majani na mizizi yenye kutoa povu. Sisi Waislamu tungali na kumbukumbu ya desturi hiyo, kwani maiti wetu huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, na maji ya mwisho hutiwa kafuri. Majani ya mkunazi yakipondwa na kutikiswa majini hutoa povu, na povu hilo huondoa taka bila ya kuchubua ngozi.

Katika nchi za Waarabu palikuwa na mmea mwingine uitwao ushnani, uotao katika ardhi yenye chumvi. Watu waliukausha, wakausaga, wakanawia mikono baada ya kula. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameutaja katika adabu za chakula. Mmea huu na ndugu zake ndio mlango wa habari yetu, kwa sababu ukichomwa, majivu yake huwa na nguvu ambayo majivu ya kuni za kawaida hayana.

Kuchanganya mafuta na majivu ni jambo la zamani sana. Katika nchi ya Iraki vimeonekana vibao vya udongo vya yapata miaka 4,000 iliyopita vyenye kutaja mafuta na majivu kwa kazi ya kusafishia. Mwandishi wa Kirumi, Plinius, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba makabila ya Gaul yalikuwa na kitu kilichofanywa kwa shahamu na majivu, nao walikitumia kwa kutia nywele zao wekundu. Kitu hicho Warumi walikiita sapo. Neno hilo likapita katika lugha za mashariki, Waarabu wakalitamka sabun, nasi watu wa Mashariki ya Afrika tukalipokea kwa Waarabu tukasema sabuni. Lakini sabuni ile ya majivu ya kuni ilikuwa laini kama uji mzito, yenye harufu mbaya, wala haikufaa kwa mwili wa mtu anayetaka kusimama mbele ya Mola wake.

ELIMU YA AL-QILI

Tofauti ya sabuni laini na sabuni ngumu imo katika majivu. Majivu ya kuni, ya maganda ya ndizi na ya miti ya bara hutoa magadi ya aina moja, na magadi hayo yakikutana na mafuta hufanya sabuni laini isiyoshikika vizuri. Majivu ya mimea ya ardhi ya chumvi hutoa magadi ya aina nyingine, na hayo ndiyo yafanyayo sabuni ngumu inayoweza kukatwa vipande, kukaushwa na kusafirishwa. Mimea hiyo huota kwa wingi katika majangwa ya Sham na Iraki. Basi Mwenyezi Mungu aliwakusanyia watu wa nchi zile mizeituni upande mmoja na majivu yafaayo upande wa pili, na wao wakatumia akili zao.

Majivu hayo Waarabu waliyaita al-qili, na Wazungu wakalichukua neno hilo likawa alkali katika vitabu vyao vya kemia mpaka hivi leo. Tabibu mkubwa Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyezaliwa mwaka 865 na kufariki mwaka 925, alieleza jinsi ya kuichukua al-qili, kuichanganya na chokaa, kuitia maji na kuichemsha, hata yakapatikana maji makali. Maji hayo makali ndiyo roho ya kazi ya sabuni. Kazi ya chokaa ni kuigeuza al-qili iwe kali zaidi, ili iweze kuyavunja mafuta na kuyageuza sabuni.

Tena elimu ya manukato ilikwenda sambamba na elimu hii. Yakub bin Is-hak al-Kindi, aliyefariki yapata mwaka 873, aliandika kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na namna ya kuyakeneka maua kwa moto ili kupata maji na mafuta yake.

Miaka mia tatu na zaidi baadaye, katika nchi ya Yaman, alitawala mfalme al-Muzaffar Yusuf wa ukoo wa Rasul, tangu mwaka 1250 hata mwaka 1295. Kitabu cha sanaa kinachonasibishwa kwake kina mlango wa sabuni, nacho kinaeleza kazi hiyo kwa mafuta ya ufuta, al-qili na chokaa, vichemshwe pamoja, kisha vimiminwe katika kalibu mpaka vigande. Msomaji atazame jambo hili kwa makini. Mfalme mwenye majeshi na mahazina hakuona haya kuwa na kitabu chenye kufundisha upishi wa sabuni, kwa kuwa ufundi ulikuwa elimu, na elimu ilikuwa heshima.

MIJI ILIYOPATA JINA KWA SABUNI

Mwanajiografia al-Muqaddasi, aliyeandika kitabu chake mnamo mwaka 985, aliitaja sabuni miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika mji wa Raqqa ulioko kando ya mto Furati. Naye Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita katika mji wa Sarmin karibu na Halab. Akasimulia kwamba mji ule ulikuwa na bustani nyingi za mizeituni, na kwamba ulifanya sabuni ya vipande iliyopelekwa mpaka Misri na Dameski. Kisha akaongeza kuwa walifanya pia sabuni ya manukato ya kunawia mikono, wakaitia rangi nyekundu na manjano. Hii ni shahada ya mtu aliyeona kwa macho yake, zaidi ya miaka 600 iliyopita, kuhusu sabuni yenye harufu nzuri na rangi ya kupendeza.

Halab, mji ambao Wazungu huuita Aleppo, hujulikana mpaka leo kwa sabuni yake ya mafuta ya zeituni na mafuta ya mti uitwao kwa Kiarabu ghar. Mafuta ya ghar ndiyo yaipayo sabuni hiyo manukato yake. Mafuta ya zeituni huchemshwa kwa siku tatu hivi katika chungu kikubwa, na mwishoni hutiwa mafuta ya ghar. Uji wake humiminwa sakafuni, ukaachwa upoe, kisha mafundi huukata vipande na kuvigonga mhuri. Baadaye vipande hupangwa kwa nafasi ili upepo upite, vikakaa miezi sita au tisa. Nje hugeuka rangi ya dhahabu na ndani hubaki kijani.

Nablus, katika nchi ya Palestina, iliendelea na sabuni ya zeituni tupu. Mabedui wa ng'ambo ya mto Yordani walileta al-qili juu ya migongo ya ngamia, na wakulima wa milimani walileta mafuta. Kutokana na biashara hiyo zilipanda nyumba za matajiri, na mwanzoni mwa karne ya 20 mji ule mdogo ulikuwa na viwanda yapata 30. Sabuni iliyokauka ilipangwa kuwa minara mirefu yenye uwazi katikati, hata mgeni akiingia ghalani huona kana kwamba amesimama katikati ya minara ya misikiti.

Miji hiyo miwili imepata misiba. Zilizala ya mwaka 1927 iliiharibu Nablus, na mwezi wa Aprili 2002 viwanda viwili vya sabuni vya mji wa kale vilivunjwa katika mashambulizi ya jeshi la Israili. Halab nayo iliteswa na vita tangu mwaka 2012 hata 2016, na mafundi wengi walikimbilia Uturuki na kwingineko wakiwa hawana kitu mikononi ila ujuzi wao. Hata hivyo kazi haikufa. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa sabuni ya Halab na ufundi wa sabuni ya Nablus katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kiwanda huweza kuvunjwa kwa siku moja, lakini ujuzi uliomo mikononi mwa watu hausombwi na vifusi.

MAFUTA YETU NA SABUNI YAO

Kutoka nchi za Kiislamu, Andalusi ikiwa mojawapo, sabuni ya zeituni ilienea katika miji ya Ulaya iliyo kando ya Bahari ya Kati. Mji wa Marseille katika Ufaransa ukawa mashuhuri, na mwaka 1688 mfalme wa Ufaransa alitoa amri kwamba sabuni yake isifanywe ila kwa mafuta ya zeituni. Lakini baadaye mahitaji yaliongezeka. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc alipata hati ya kuifanya soda kutoka katika chumvi ya kawaida, basi al-qili ya majangwani haikuhitajiwa tena. Mwaka 1823 Michel Eugène Chevreul alitoa kitabu kilichoeleza mafuta yameumbwaje na hutokea nini yanapogeuka sabuni. Toka hapo kazi iliyokuwa ya jiko ikawa kazi ya mitambo, na mitambo ilikuwa na njaa ya mafuta isiyoshiba.

Njaa hiyo ilifika kwetu. Mwaka 1844 Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, Sultani wa Unguja, na katika miaka iliyofuata merikebu za Kifaransa zilinunua ufuta na nazi kavu za mwambao wetu kuvipeleka Marseille. Ufuta huo huo, ambao mafuta yake mfalme wa Yaman alikuwa ameyaeleza katika upishi wa sabuni, sasa ulikuwa ukivuka bahari kwenda kupikwa sabuni na wengine.

Katika Kongo mambo yalikuwa mazito zaidi. William Lever, Mwingereza aliyeanza kufanya sabuni ya Sunlight mwaka 1885, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911, akapewa haki juu ya michikichi katika maeneo makubwa mno, na kituo kimoja katika bonde la mto Kwilu kikaitwa Leverville kwa jina lake. Watu walilazimishwa kupanda michikichi na kuleta vichala kwa ujira mdogo. Mwaka 1931 kabila la Wapende waliasi, na jeshi la wakoloni likaua mamia ya watu. Haya twayasema ili msomaji ajue kwamba harufu nzuri ya kipande kile cha dukani ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa juu ya karatasi yake.

SABUNI YA MWAMBAO WA ZIWA

Sisi tukaao hapa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, hatuko mbali na habari hii. Waislamu wa kwanza walifika mwambao huu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, kwa njia ya Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliyakuta mawese yakiuzwa sokoni. Michikichi ya Rumonge na ya Kigoma si ngeni kwa yeyote kati yetu.

Mama zetu walijua kupika sabuni ya mawese. Walichoma maganda ya ndizi, wakayachuja majivu kwa maji, wakachemsha maji yale pamoja na mawese mpaka yakashikana. Huko Kigoma sabuni ya mawese ya kienyeji watu huiita gwanji. Nilipokuwa mtoto wa madrasa, kanzu zetu zilifuliwa kwa sabuni ya namna hiyo, na miaka ya dhiki, duka lilipokuwa tupu, hatukwenda msikitini wachafu. Twawaombea rehema.

Lakini sasa twaona mambo matatu ya kusikitisha. La kwanza, vijana huidharau sabuni ya mawese kwa kuwa ni ya nyumbani, na wale waipikao hupewa bei ndogo. La pili, wengi wa wapikao leo hutumia soda kali ya dukani kwa kukisia tu, bila mizani, basi sabuni nyingine hubabua mikono na nyingine haigandi. La tatu ndilo baya zaidi. Madukani zimo sabuni za manukato ziuzwazo kwa ahadi ya kung'arisha rangi ya ngozi, na baadhi yake zimetiwa zebaki. Zebaki ni sumu ya figo na ya akili, nayo humdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, umekataza vipodozi vilivyotiwa zebaki, sabuni hizo zikiwemo, lakini biashara ya siri haijakoma. Binti wa Kiislamu ananunua sumu kwa sababu ina harufu nzuri, na mama yake anaficha gwanji kwa sababu anaona haya.

Tena yako mazungumzo ya fikihi. Sabuni za viwandani huweza kufanywa kwa shahamu ya mnyama asiye halali. Wanavyuoni wamehitilafiana: madhehebu ya Hanafi husema kwamba kitu najisi kikigeuka kabisa kuwa kitu kingine hutwaharika, nao hutoa mfano wa sabuni yenyewe, madhehebu yetu ya Shafii hayakubali jambo hilo kwa jumla. Mwenye kupika sabuni yake kwa mawese na nazi ameiepuka shaka hiyo yote.

Na zingatieni jambo hili. Magadi ya Ziwa Magadi la Kenya na ya Ziwa Natron la Tanganyika ya zamani ni ya aina ile ile ya al-qili ya Sham. Chokaa tunayo. Mawese tunayo, nazi ziko pwani, na karafuu za Unguja na Pemba zajulikana dunia nzima. Kila alichokitaja al-Razi na kila alichokitaja mfalme wa Yaman, au mfano wake, kimo katika nchi zetu. Kilichotutoka ni kipimo. Mafuta yalipokwenda Ulaya hayakuwa hasara kubwa, kwa kuwa mti huzaa tena mwakani. Hasara ilikuwa kuiacha mizani na daftari, tukabaki na kukisia.

NAMNA YA KUANZA

Kwa hiyo nimeona nisiishie katika tarehe peke yake. Nitaeleza upishi mmoja mdogo kwa anayeanza, ili habari hii isiwe ya kusomwa na kuachwa. Upishi huu hautaki moto mwingi. Sabuni hujipika yenyewe kwa joto lake.

Vitu vyenyewe ni hivi: mawese gramu 700, mafuta ya nazi gramu 300, au badala yake mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, maji safi gramu 340, na soda kali, ambayo madukani huitwa kostiki, gramu 144. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji, wala visipimwe kwa kikombe. Mtu akibadili mafuta, kiasi cha soda nacho hubadilika, kwani kila mafuta yana haki yake. Mafuta ya nazi hutaka soda nyingi kuliko mawese, na mawese hutaka nyingi kidogo kuliko zeituni. Kipimo nilichokitaja kimeacha sehemu ndogo ya mafuta bila kuguswa, ili sabuni isiwe kali juu ya ngozi.

Kabla ya kuanza, sikilizeni onyo. Soda kali huunguza nyama na hupofua macho. Fanyeni kazi mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Vaeni glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na nguo ya mikono mirefu. Msitumie sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu, kwa sababu soda huila na hutoa hewa ya kuwaka moto. Tumieni chombo cha chuma cha pua au cha plastiki ngumu. Sharti kubwa kuliko yote ni hili: soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji hayamiminwi juu ya soda, kwani huchemka na kuruka. Ikimrukia mtu, aoshe pale pale kwa maji mengi yanayotiririka. Na ikiingia jichoni, aoshe dakika 20 na zaidi, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Soda ikishayeyuka, maji huwa ya moto sana. Yaacheni yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mafuta nayo yayeyusheni taratibu mpaka yawe vuguvugu vile vile. Kisha mimineni maji ya soda ndani ya mafuta polepole, huku mkikoroga kwa upande mmoja bila kuacha. Kwa mkono huchukua nusu saa, pengine saa nzima au zaidi. Uji utakuwa mzito, na ukiinua mwiko na kudondosha, tone litaacha alama juu kabla ya kuzama. Hapo ndipo mlipofika.

Sasa ndio wakati wa manukato, kwa sababu yakitiwa mapema soda huyala. Kwa kipimo hiki chatosha gramu 10 hadi 15 za mafuta ya mchaichai, nayo hunukia vizuri pamoja na rangi ya dhahabu ya mawese. Anayependa karafuu asizidishe gramu 5, kwani mafuta ya karafuu ni makali juu ya ngozi, tena huigandisha sabuni upesi kabla fundi hajaiwahi. Marashi ya dukani yenye spiriti yasitumike, kwani huvuruga kazi. Mimineni katika kasha la mti lililotandikwa karatasi ya plastiki, mlifunike kwa blanketi, mliache siku moja au mbili. Kisha itoeni mkiwa na glavu, mkate vipande, mvipange juu ya ubao kwa nafasi kama wafanyavyo mafundi wa Halab, mahali pasipo jua kali. Ngojeni wiki 4 hadi 6 kabla ya kuitumia.

Kungoja huko ndiko kunakowashinda wengi. Maji yaliyobaki hukauka, sabuni huwa ngumu, na ukali hupungua. Mtu anayeuza sabuni ya juzi amemwibia mnunuzi maji kwa bei ya sabuni, na kupunja kipimo ni dhambi tunayoijua sote.

Tena kila mpishi awe na daftari. Aandike siku, uzito wa kila kitu, manukato aliyotia, na jinsi sabuni ilivyotoka baada ya wiki 6. Upishi wa kwanza ukiharibika, daftari litamwonyesha alipokosea. Ukifaulu, litamwezesha kuurudia na kumfundisha mwingine.

MWISHO

Ndugu zangu, sisemi kwamba kila nyumba iache kununua sabuni dukani, wala sisemi kwamba viwanda ni vibaya. Viwanda vimeokoa watu wengi na maradhi. Ninalolisema ni kwamba mtu aliyejua asili ya kitu hakidharau, na mtu ajuaye kukifanya hadanganywi kwa harufu yake. Madrasa zetu hufundisha watoto namna ya kutawadha na kuoga. Si vibaya pia wajue kile wanachoogea kimetoka wapi na kimefanywa na nini. Mama mjane mwenye mizani ndogo, madumu mawili ya mafuta na daftari aweza kujipatia riziki ya halali, na binti yake akakua akijua kuwa harufu nzuri haihitaji sumu.

Wazee wetu wametuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali, na daftari lake lilifungwa kwetu muda mrefu. Tulifungue.

Mwenyezi Mungu aijaalie jumuiya yetu umoja na afya, awarehemu waliotutangulia, na atusafishe nje na ndani. Amin.